Daftari la Kitongoji

Siku ya nane nimekaa kwenye dawati la darasa la tatu,
magoti yakigonga mbao, kalamu ikigoma kwa baridi.
Ukungu wa Mufindi haupigi hodi:
unaingia, unakaa, unasoma majina pamoja nami.

Ukurasa wa nne, mstari wa tisa: Lazaro Kihwele.
Lazaro tulimzika mwaka ule mahindi yalipoozea shambani.
Nilishika jembe mwenyewe.
Lakini humu ana sahihi mbichi, yenye mkia mrefu,
na Lazaro niliyemjua mimi
alitia dole gumba maisha yake yote.

Kisha anakuja Tulinagwe, kapu mgongoni,
vidole vyeusi kwa maji ya chai.
Miaka kumi na mmoja anachuma kilima kile kile,
watoto wake wawili wamezaliwa kwenye nyumba za kampuni.
Mwenyekiti ananiinamia sikioni:
"Huyo si mkazi. Wa kuja tu."
Wa kuja!
Na Lazaro je, aliyekwenda?

Huko nje kampeni haijafunguliwa,
ila madumu ya ulanzi yameshafunguliwa.
Mmoja kamwaga sita pale kwa Sanga,
mwenzake kajibu kwa sukari, nusu kilo kila mlango,
na hakuna anayeuliza mfuko ule una shina wapi.
Vumilia Chengula, muuza viazi, naye anagombea.
Dumu hana. Ana swali:
fedha za mashine ya kusaga ziliishia kwa nani?
Swali halileweshi. Watu wanampita.

Kwenye mkutano nikasimama, sauti ikanitetemeka.
Nikasema kaunta buku hili libandikwe mlangoni,
ukurasa kwa ukurasa, chini ya nailoni, mvua isilifute,
kila mtu amsome jirani yake;
anayechuma hapa achague hapa;
na mgombea aandike, papo hapo mlangoni,
dumu ngapi, bei gani, kalipiwa na nani.
Kijana mmoja akadakia: "Mwalimu, ukikataza ulanzi
tutakukataza wewe!"
Kicheko mpaka kwenye mabati.
Sikukataza, jamani. Nilisema iandikwe bei.
Mwenyekiti akafunga: jambo zuri, lipelekwe kata.
Ya kupelekwa kata nayajua. Hayana nauli ya kurudi.

Usiku, kibatari, kalamu nyekundu.
Sijawaambia: Lazaro Kihwele ni baba yangu.
Nimevuta mstari juu ya jina lake polepole,
kama mtu anayefukia mara ya pili,
na udongo ni ule ule.

Asubuhi Tulinagwe alirudi, bila kuitwa.
Sikumtafutia wino.
Alikandamiza dole lake la chai kwenye mstari uliofuata,
akalitazama kitambo,
akauliza kama litakauka vizuri.
Nikamwambia tuliache wazi kidogo.
Mwenyekiti alikuwa anapanda ngazi.