Spana Katika Kikapu cha Samaki

Nilishuka Mwembe Tayari na elfu sita mia tano,
pesa ya mchezo, zamu yangu ilipowadia,
mkononi kikapu kilekile cha kununulia changu na tafi,
nikasema leo nanunua chuma.

Fundi Chokwe wa Kisauni amelila gari langu miaka mitatu.
Leo bushi, kesho bushi, keshokutwa anakuuliza
bushi ulizibadilisha lini.
Nikaapa: anakofika mkono wake, wangu utafika.

Mbaruk akanionyesha kwanza kinachong'aa:
bunduki ya nati, ya betri, ya kijani.
Akaibonyeza hewani, ikalia trrr
kama meno ya mtu mwenye homa.
"Mama, nati inatoka yenyewe, wewe watazama tu."
Nikaipima mkononi. Nzito kama mtoto wa miezi mitano.
Nikamuuliza: betri ikifa saa mbili usiku,
gurudumu liko juu,
na stima ya Majengo imekwenda safari zake?
Akacheka, akairudisha kwenye boksi.

Basi nikachagua kwa elimu niliyo nayo.
Samaki hukaguliwa matamvua, spana hukaguliwa taya.
Nikaichukua ya kumi na nne, nikaivika nati yake, nikaitikisa.
Ikicheza dukani, nyumbani itakula pembe.
Ile inayometa kama sufuria ya bibi harusi nikaikataa.
Nikachukua ya mtumba, iliyoiva weusi,
ubavuni jina limekwanguliwa kwa msumari: SADIKI.
Sadiki ni nani? Mbaruk hajui.
Ilikuja na meli ama ilitoka kwenye matanga,
kwa muuza vyuma ni mamoja.

Nane hadi kumi na tisa, mdomo huku, pete huku.
Bisibisi ya nyota, bisibisi ya bapa.
Koleo. Nyundo ya ratili moja.
Jeki sikuipigia bei:
kitu kitakachobeba gari juu ya kifua changu
hakiombwi kipungue.
Na stendi mbili, maana jeki ni mdeni,
huahidi wima, kisha hushuka taratibu.

Mombasa chumvi haikai baharini.
Hulala nasi, huamka nasi, huingia katika nyuzi za boliti.
Nati ya shokomzoba ilinigomea tangu adhuhuri hadi alasiri.
Shemeji Mselem akaja na bunduki yake. Trrr,
na boliti ikakatika shingo,
kichwa kikarukia karai la jirani.
Hakusema kitu. Mimi nilisema.

Maana spana hukwambia.
Nati ikitaka kuachia, hutoa mlio mdogo kama mlango wa kabati.
Ikitaka kukatika, huja ulaini fulani,
kama jino la mtoto linalotikisika.
Mkono wa mashine ni kiziwi.

Lakini nisijisifu.
Kisiki kilibaki ndani,
na mbele ya kisiki, spana ni bubu.
Nikarudi kwa Mbaruk kutaka drili.
Ya waya, nikamwambia, si ya betri:
kisiki hakikimbii, kitangoja stima irudi.
Alinipunguzia mia mbili.
Najua zilikuwa za kicheko.

Sasa ziko kikapuni, nimezifuta kwa tambara lenye mafuta,
chuma chanuka tafi, na tafi wa Ijumaa
walikuwa na ladha ya grisi kidogo, watoto wakala.
Ya kumi imepotea.
Nimepekua uvunguni, chini ya bati la kuku,
hata katika unga.

Jana Chokwe alikuwa akipita, akasikia injini, akasimama.
"Nani amekutengenezea?"
Nikamuonyesha kucha zangu.
Akazitazama. Akajikuna shingo.
Kisha akauliza kama naweza kumwazima spana ya kumi.

Nikamwambia imepotea.
Na hiyo, wallahi, ilikuwa kweli.