Ratiba ya Penseli

Kabla yake, ratiba yetu iliandikwa kwa wino
kwenye manila, ikapigwa misumari minne ukutani
kama hukumu.
Saini pembeni, muhuri juu ya saini,
na kipindi changu cha hesabu kikakaa pale pale, saa nne kasorobo,
miaka kumi na tisa.
Watu walizaa, walihama, walizikwa hapa Konde;
kipindi hakikusogea.

Akaja Bi Mize Shaame kutoka Kengeja,
na mwavuli wenye ubavu mmoja uliovunjika.
Hakuhutubia.
Siku ya tatu aliing'oa manila,
akabandika karatasi,
akaandika vipindi vyote kwa penseli,
na ukingoni akaning'iniza kifutio kwa uzi wa kushonea viatu.
"Hiki si changu," alisema. "Kikipotea, tumepoteza sote."

Tulicheka uani.
Faki wa jiografia akasema, "Tumeletewa mwalimu wa chekechea."
Mimi sikucheka sana.
Mlango wa darasa langu nilizoea kuufunga
kama mtu anayekula peke yake.

Wiki ya pili akatuita tumtazame akifundisha sehemu,
darasa la sita, watoto sitini na mmoja.
Akachora chungwa ubaoni, akaligawa mara nane,
akapotea njiani.
Watoto wakamtazama yeye, sisi tukatazama dari.
Kengele ilipolia akatugeukia: "Nimekosea wapi?"

Kimya kile!
Sijapata kumsikia mkubwa akiuliza swali hilo
bila fimbo kuwa upande wa pili wa swali.
Aliyejibu ni Subira, mwalimu wa kujitolea,
asiyejua bado mshahara una rangi gani:
"Umegawa kabla hawajajua chungwa ni la nani."
Bi Mize akatoa daftari, akaandika.
Aliandika kweli. Nilichungulia.

Kisha vuli, na karafuu zikaiva.
Kila mwaka ni hivyo: watoto mikarafuuni, madawati yanabaki na sisi,
nasi tunajaza hayupo, hayupo, hayupo,
halafu tunawalaumu wazazi.
Safari hii alimwita na mlinzi kwenye kikao.
Mzee Kombo alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.
"Hawapandi mpaka umande ukauke," alisema.
"Matawi yanateleza. Mpaka saa mbili wamekaa tu, wanangoja."
Sote tulizaliwa humu humu kwenye mikarafuu.
Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulisema hilo kikaoni.

Basi hesabu ije saa kumi na mbili na nusu, alfajiri ikiwa bado na baridi.
Nani atakisogeza kipindi? Hakuagiza mtu.
Kifutio kinaning'inia, kinazunguka polepole kwenye uzi wake.
Nikainuka mwenyewe.
Mkono wangu, miaka kumi na tisa, pumzi moja ya kupuliza vumbi la penseli.
Kesho yake walikuja arubaini na wanne,
mifuko ya kuchumia imekunjwa chini ya makalio.

Si kila kitu kilishika.
Saa ya kusoma ilikufa baada ya siku tisa.
Faki na Subira walifundisha pamoja, wakanuniana wiki nzima,
mpaka mvua ikawafungia stoo moja wakalazimika kusalimiana.
Tulifuta. Tukaandika tena.
Hakuna aliyeulizwa wazo lile bovu lilikuwa la nani.
(Lilikuwa langu.)

Sasa karatasi imekonda,
mistari ya zamani inaonekana chini ya mipya
kama mishipa ya mkono.
Kifutio kimebaki kadiri ya karafuu moja.
Jana nilikwenda Wete kumnunulia mama dawa,
nikapita dukani, nikanunua kingine.
Nimekifunga kwenye uzi ule ule
kabla ya mtu kufika. Sijamwambia yeyote.

Mlango wangu? Uko wazi nusu.
Nusu iliyobaki
iandikeni kwa penseli.