Asilimia Mia, Kisha Mwanzo

Meza ya jikoni ilikuwa na makombo,
nikaiunda juu ya ubao wa kupigia pasi,
miguu ya bati ikitetema kila tramu ilipopita chini.
Hata siku ya mapumziko kazi yangu hunitikisa.

Miezi minane nilinunua kipande kwa kipande.
Machi, kasha lenye kioo ubavuni;
Mei, prosesa, ndogo kuliko biskuti, ghali kuliko buti zangu;
Agosti, ubao mama wa mtumba, kwa kijana mmoja wa Gliwice
aliyeapa mara tatu kwamba haujawahi kuungua
(mara moja ingenitosha).
Mfumo endeshi ni wa bure, alisema Ziemowit,
mtoto wa kaka yangu, kwa simu, kutoka Rotterdam:
"Shangazi, utie kwenye flashi. Dakika ishirini tu."

Dakika ishirini.

Ijumaa usiku nikabonyeza. Feni zikavuma, taa ikawaka,
skrini nyeusi tii.
Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi,
kama mtu abishaye hodi na hajui jina la mwenye nyumba.
Nikafungua. RAM ilikaa upande,
nusu imeketi, nusu imesimama,
abiria anayeshuka kituo kijacho.
Niliogopa kuisukuma. Nikaisukuma.
Ka! Sauti ya mfupa. Moyo ukaniruka.
Ikaingia.

Sasa diski haionekani.
Nikasoma kijitabu kwa tochi, kurasa za Kijerumani, za Kicheki,
mwisho Kipolandi, kilichoandikwa na mtu aliyekichukia.
Waya ya maneno ilikuwapo.
Waya ya umeme nilikuwa nimeikalia.
Nani atasema na njaa?
Nikailisha. Ikaitika.

Kisha ule mstari wa buluu: kumi, thelathini na saba
(hapo ilisimama, nikaenda kuosha vikombe visivyo vichafu),
tisini, mia.
*Hongera. Kompyuta itajiwasha upya.*
Ikajizima. Ikajiwasha.
*Karibu. Chagua lugha.*

Nikachagua. Saa za Warszawa. Jina: Dobrochna. Nywila.
Mia. Hongera.
*Karibu. Chagua lugha.*

Mbio za sakafuni, husemwa, huishia ukingoni;
hizi zangu hazikuwa na ukingo.
Mara ya tatu Bwana Gerwazy wa chini aligonga bomba la joto,
nami nikaligonga, tukaelewana.
Mara ya nne, kwa hasira tu, nikachagua Kicheki.
Mia. Hongera. Karibu.
Nikaizima, nikalala na soksi.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kazini, theluji ikipigwa na taa.
Mwisho wa laini yetu hakuna pa kugeuzia.
Tramu ina vichwa viwili: unachomoa ufunguo huku,
unapita katikati ya viti vitupu,
gazeti, glovu moja ya mtoto,
unauchomeka kule. Ukiusahau nyuma, mbele hakuondoki.
Miaka ishirini na miwili, mara kumi kwa siku,
nimechomoa, nimetembea, nimechomeka.

Nikasimama katikati ya gari, ufunguo mkononi.

Flashi.
Flashi ilikuwa bado mgongoni mwa kasha.
Kila ilipoamka iliisoma kwanza, ikaanza safari upya.

Nikacheka hadi nesi aliyesinzia kiti cha nyuma akashtuka:
"Tumefika?"
"Tumefika," nikamwambia. "Lakini mimi narudi."

Nyumbani sikuvua koti.
Nikaichomoa, ikiwa na vuguvugu kama yai, nikaiweka kwenye kisahani.
Nikabonyeza.
Weusi. Weusi mrefu, nikasikia jokofu la jirani.
Kisha mlima, ziwa, saa pembeni, sahihi kwa dakika,
na jina langu, limeandikwa vyema,
ndani ya sentensi ya Kicheki.

Sijui bado pa kuibadilishia.
Nimechemsha chai. Tunatazamana.