Moja Nukta Tisa

Bwana Purnell Hairston ameyaleta majani mwenyewe,
posta haiamini.
Ameyafunga kwa gazeti la Jumapili,
ameyalaza juu ya kaunta taratibu
kama mtu anayemweka mtoto kwenye mizani ya kliniki.
"Nikotini tu. Mnunuzi anataka namba."
Kisha kachomoa jani moja, kalinusa, kafumba jicho:
"Tatu. Tatu na kitu. Utaona."

Danville imenyeshewa tangu alfajiri.
Mto Dan una rangi ya matofali,
na maghala ya tumbaku yamekuwa nyumba za kupanga:
kuna mtu anaoga sasa hivi
pale walipokuwa wakinadi marobota.

Natoa mshipa wa kati. Nasaga. Nachekecha.
Gramu sifuri nukta moja, wala si zaidi;
mizani inashtuka kwa pumzi yangu,
naifungia mlango wake wa kioo.
Soda kali, ilegeze kilichoshikwa na asidi ya jani.
Kiyeyushi, kikibebe.
Chupa itikiswe saa nzima, halafu sindano,
tone lisilotosha kumnawisha sisimizi uso,
na bomba jembamba kama unywele,
mita thelathini, limejikunja tanurini.

Humo wanasafiri ndugu wanne.
Nikotini hutangulia, ana haraka, ana kelele.
Nornikotini ni yeye yule, kavuliwa koti,
kaboni moja pungufu.
Anabasini usipokaza macho humwoni.
Anatabini ndiye anayefunga mlango.
Kila atokaye, mstari kwenye skrini unapanda mlima, unashuka,
nami napima kilichofunikwa na mlima.

Moja nukta tisa.

Nimerudia. Moja nukta tisa.
Nimeisingizia sindano, nimeisingizia soda,
nimepitisha sampuli ya rejea, ikajibu sawasawa
kama shahidi asiye na undugu na yeyote.
Moja nukta tisa.

Nilizaliwa Urambo. Niliujua mmea huu
kabla ya kuijua sumu yake kwa jina.
Mama alichuma na umande, mchana akatapika mtaroni,
akasema ni jua.
Hakuna aliyemwambia kwamba jani lililolowa
hupenya ngozini bila kubisha hodi.

Basi najua hili: sumu haizaliwi kwenye jani.
Huzaliwa mizizini, ikapanda.
Ukilikata ua mapema, mzizi hughadhibika,
hutuma juu kila silaha.
Ukiliacha lichanue, mmea husahau vita,
hulea mbegu.
Moja nukta tisa ni shamba lililochanua.

Nimempigia simu. Nimeuliza kama fomu inavyotaka:
tarehe ya kukata maua?
Kimya. Nikasikia jokofu lake likinguruma.
"Tulichelewa. Wiki mbili.
Kukata ilikuwa kazi ya Verdell, miaka arobaini,
mimi nikikata ananicheka.
Julai yote alikuwa hospitali, Roanoke.
Nilirudi usiku mmoja kumchukulia gauni,
la kijani, alilitaka hilo hilo.
Nikawasha taa za gari kuelekea shamba.
Waridi tupu. Mpaka kwenye miti.
Nikazima taa."

Fomu ina mstari mmoja wa maelezo.
Nimeandika: *maua yalikatwa siku kumi na nne baada ya wakati.*
Sahihi. Muhuri.
Unga uliobaki, kama gramu tano,
utakaa kabatini siku tisini, kisha utupwe; ndivyo kanuni ilivyo.
Nimebandika lebo. Nimesita, nikaibandika upya, ilikuwa imekwenda upande.

"Kwa hiyo si tatu," amesema,
kwa sauti ya mtu anayepatana bei.

Si tatu, Bwana Hairston.

"Hata mbili?"