Nafasi ya Pili

Klabu ya watoto iko nyuma ya jiko la hoteli.
Imejengwa mfano wa meli: madirisha ya duara,
mlingoti wa mvinje, usukani wa rangi ya machungwa,
na kilango ambacho mtu mzima akitaka kupita
sharti ainame kama anayeomba msamaha.
Meli haiendi popote. Imekita mchangani, hapa Malindi,
na paka wawili wamelala chini ya tumbo lake.

Dada yangu aliye Doha ndiye aliyelipa,
siku tatu, kwa mshahara wa kulea watoto wa watu.
"Kapumzike," aliniambia kwenye simu,
kana kwamba kupumzika ni duka
na mimi nilikosa tu kuelekezwa njia.

Mbeyu, msimamizi, filimbi shingoni, akanipa fomu.
Jina: Twahiri.
Umri: minne na robo tatu (mwenyewe husema mitano).
Kuna chochote kinachomdhuru?
Njugu, la. Maziwa, la.
Nikaandika: anaogopa blenda.
Mbeyu akasoma, hakucheka.
"Humu hatuna blenda," akasema.

Ukurasa wa pili: Nani aruhusiwa kumchukua mtoto?
Nafasi ya kwanza nikajiandika mimi.
Nafasi ya pili, kalamu ikagoma.
Zamani pale pangekaa jina bila kuwaza,
jina lililombeba begani Ijumaa hadi msikitini Shela
na kumrudisha meno mekundu kwa ubuyu.
Sasa jina lile liko Mombasa, lina mlango mwingine.
"Nitajaza baadaye."
"Usisahau," akasema Mbeyu. "Bahari haina adabu.
Ukizama, nimpe nani?"

Akamfunga Twahiri bangili ya karatasi, namba kumi na saba.
Hakugeuka.
Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio,
leso ya kumfutia nimeikunja mkononi.
Nikabaki nayo.

Saa mbili nzima!
Nikakaa kitini. Nikahamia kiti kingine.
Nikafungua kitabu, nikasoma mstari mmoja mara nne.
Kule baa wakasaga maembe,
blenda ikanguruma,
na mikono yangu ikainuka yenyewe
kuziba masikio ambayo hayakuwapo.

Basi nikazunguka nyuma, kwenye mapipa ya jikoni.
Mpishi aliyekuwa akimenya viazi akaniona,
akatazama kando, kwa heshima.
Nikachungulia dirisha la duara.
Nahodha ni wangu! Amepanda ndoo, ameshika usukani:
"Vuta kamba! Tunafika Pemba!"
Msichana mwenye mabaka ya jua puani
akamjibu kwa Kitaliano, na kamba akaivuta.
Pembeni Mbeyu amekunja shingo juu ya simu:
"Amekula? Si ule uji wa jana lakini.
Mama Kache, mpashie moto kwanza. Naja saa kumi na mbili."
Wa kwake yuko Maweni, kwa jirani.
Hana bangili. Hajaandikwa popote.
Nikaondoka kabla hajainua macho.

Saa ilipotimu, Twahiri akakataa kushuka.
"Mama, wakubwa hawapandi."
"Sipandi. Nakungoja."
"Bado hatujafika."
Nikaketi mchangani na wale paka.
Mmoja akanusa leso, akaona haina kitu.

Ndipo nikamwomba Mbeyu ile fomu.
Nikaandika, polepole, herufi kubwa: BI KHUWENA.
Mama yake baba yake.
Mwaka na ushei sijamwita mama.
Mwaka na ushei anapita sokoni upande wa wauza samaki
ili asipite kwangu, nami nashukuru, nami naumia.

"Huyu ni nani?"
"Bibi yake."
"Namba ya simu?"

Sikutoa hata simu mfukoni.
Nikaitaja yote, tarakimu kumi, bila kusita,
naye Mbeyu akaiandika.