Sayari Isiyotobolewa

Februari, mji wa Erie. Theluji ya ziwa imefika madirishani
na mimi nakoroga uji usioliwa:
unga wa ngano, maji moto, chumvi kijiko kimoja usije ukaota ukungu.
Mwiko wangu ni rula ya mbao iliyovunjikia inchi ya tisa.
"Misi Hawa, mbona unanukia chakula?"
Kabla sijamjibu Bishnu, kidole kimeshaingia,
kimeshalambwa,
uso umeshakunjamana.

Alhamisi wazazi walikuja kupuliza maputo.
Wazo la Mwalimu Kowalczyk: kila sayari
ianze na pumzi ya mtu wa nyumbani.
Bibi yake Colton alipuliza, akakohoa, akacheka, akamwachia mjukuu amalizie.
Mama yake Bishnu fundo lilimshinda, nikamfungia.
Baba yake Odalys alikuja na koti la kazi,
funguo za lori zinaning'inia kiunoni,
akavuta hewa kama mtu anayetaka kupiga mbizi
akalijaza kwa mikupuo mitatu.
Jumamosi alipakia mzigo wa kwenda Laredo.
Atarudi lini, sisi hatukuambiwa.
Wala Odalys.

Basi tunachana magazeti.
Vipande virefu vinazama ujini, vinatoka vinachuruzika,
vinalazwa juu ya puto, kimoja mgongoni mwa kingine.
Hapa bei ya matairi. Hapa kiwanda kilichofungwa.
Hapa marehemu na tai yake, anatabasamu;
Colton amembandika kichwa chini kwenye Zohali
na siwezi kusema kitu, gundi imeshashika.
Kuna mtu amegandisha mkono wa sweta mezani.
Hataki kusema ni nani, lakini hanyanyuki.

Siku nne juu ya bomba la joto,
kisha Mwalimu anapita na pini.
Pu! Na ganda linabaki palepale,
gumu, jepesi, limeshika umbo la kitu ambacho hakipo tena.
Pu! Utaridi. Pu! Zuhura. Darasa zima linashangilia.
Mirihi ya Bishnu imebonyea kama kiazi,
anasema imegongwa na kimondo, tusimlaumu.
Pini inafika kwa Odalys.
Odalys amelikumbatia lake kwa mikono yote miwili.
"Hapana. Pumzi ya Papi imo humu."

Nyumba yangu haina mlango.
Kwetu ningejibu upesi, yai, na mchezo ukaendelea.
Hapa nimeshindwa, na mji wa kutoa sina
ila huu wa theluji, nao si wangu.
Mwalimu aliitazama pini,
akaichomeka kwenye kola ya blauzi yake
akahamia meza ya pili.

Wakapaka rangi. Samawati iliisha kabla ya Neptuni.
Odalys alipaka yake rangi ya chungwa, ile ya lori,
na kwenye kibandiko cha jina hakuandika kitu.
Tukazitundika darini kwa uzi mweupe.

Machi theluji ikawa tope.
Aprili, nafagia baada ya kengele,
ncha ya ufagio ikaigusa ile ya chungwa
na ndani kitu kikabingirika,
kidogo, kikavu, kama mbegu moja kibuyuni.
Puto lilikuwa limechoka polepole,
bila pini, bila mlio,
likajibandua kwenye ganda, likanywea.
Sikumwambia mtu.

Ijumaa basi lilichelewa, akaniomba nimshushie.
Akaitikisa sikioni.
Akaitikisa tena, kimya,
kama mtu anayesikiliza simu ikiita upande wa pili.
"Misi Hawa," akasema, "imekuwa ndogo.
Lakini haijatoka."

Nikaikunja ngazi. Uani, nyuma ya jiko la shule,
lori la maziwa lilikuwa linarudi kinyumenyume,
piii, piii, piii,
na sote wawili tukageuka kutazama.