Siku Kumi na Moja

Barua imekuja Jumanne pamoja na theluji,
bahasha ya dirisha, na jina langu limo dirishani
bila cheo, kama mtu aliyefungiwa nje:
Bi. Lucienne Ouellette, mstaafu.
Miaka ishirini na mitatu nilipoingia, watu waliinuka.
Siku hizi anainuka paka peke yake,
na anachoinukia ni mlango wa friji.

Nasoma kwa miwani ya marehemu Armand;
yangu imekatika mkono.
Nasoma nilivyozoea kusoma hukumu za wenzangu:
mwisho kwanza, halafu mwanzo,
halafu kile kifungu kilicholala katikati
kama mwiba ndani ya minofu.
Hiki hapa:
nyongeza ya gharama za maisha itamhusu jaji
aliyestaafu tarehe mosi Julai au baadaye.
Mimi niliondoka Juni, tarehe ishirini.
Nimehesabu kwa vidole, kikapungua kimoja.

Hawaulizi kwa nini Juni.
Juni, kwa sababu Armand alikuwa ameanza kusahau vifungo.
Alisimama mbele ya kioo, shati wazi,
akiyapapasa matundu moja moja
kama mtu asomaye lugha aliyoijua utotoni.
Mimi niliyewapa watu vifungo, vya miezi sita, vya maisha,
nikarudi nyumbani kufunga vifungo vya shati,
saba kila asubuhi,
cha juu mwisho, maana kilimkaba.
Sheria ina vifungu.
Vifungo haivijui.

Hapa kaskazini mwa Maine, mto ukitutenga na Kanada,
mafuta ya tanuri yamepanda mara tatu tangu vuli.
Rosaire hunijazia robo tangi,
huiacha risiti chini ya jiwe ukumbini
asije akaniona nikiisoma.
Saa tatu usiku nazima,
na juu ya sweta mbili navaa joho.
Ndiyo, lile lile jeusi.
Joho si joto. Herufi moja tu, lakini
nimewahi kumkatalia mtu kwa kidogo hivyo.

Delphis Cyr, mkulima wa viazi.
Rufaa yake ilifika masjala siku moja baada ya muda;
barafu ya mto ilikuwa imebeba daraja,
akazunguka maili arobaini kwa trekta.
Alisimama mbele yangu, matope magotini, kofia mkononi.
Nilimwambia kwa upole,
upole nilikuwa nao tele, haukuwa na bei,
"Siku ni siku, Bwana Cyr."
Akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa,"
akavaa kofia kabla hajafika mlangoni.
Karani alitaka kumkemea. Nikamzuia.
Nikadhani hiyo ndiyo huruma.

Msumeno hukata mbele na nyuma, nani hajui.
Ila aliyeshika mpini huona mbele tu.

Nina siku thelathini za kukata rufaa.
Nimechukua kalamu, na mkono, kwa mazoea, umeandika hukumu:
Mleta maombi alijua au alipaswa kujua.
Tarehe iko wazi. Bunge lazima lichore mstari mahali,
na kila mstari una mtu aliyesimama ng'ambo yake.
Maombi yanatupwa. Kila upande ubebe gharama zake.
Hukumu safi. Zamani ningeitia saini kabla ya kahawa.

Nimeichana.
Nimeanza upya: "Mume wangu alisahau vifungo,"
na hapo nimekwama,
maana hiyo si hoja ya kisheria,
ni shati tu.

Hata hivyo nimeikunja, nimelamba bahasha,
nimepekua droo ya Armand kutafuta stempu.
Zipo, za bei ya mwaka aliofariki. Hazitoshi.
Stempu imepanda tena,
na hakuna aliyeiuliza ilistaafu lini.